Mizinga Niliyoikana

Jumatatu, 1 Juni 1970

Nimeshinda uani nikisokota kamba. Gome la mwaka huu gumu, vidole vimechubuka. Kamba mbili: moja ya kupandia, moja ya kuteremshia asali. Mienge ya moshi bado. Masanja anataka tuingie kambini porini kurina wiki hii, na Masanja akitaka jambo hasemi mara mbili. Ni kaka yangu, amenizidi miaka kumi na moja. Baba alipokufa yeye ndiye aliyenifundisha kupanda mti.

Alasiri Mwenyekiti wa kijiji kamtuma mtu. Keshokutwa anakuja mpimaji wa ardhi kutoka Tabora, anataka mwenyeji anayejua pori na anayejua kusoma. Kwa hiyo mimi. Sikuombwa, niliambiwa. Mwenyekiti huyu tulisoma naye kwa wamisheni, mwalimu alichoka kumfundisha kuandika jina lake. Leo ananiita ndugu na kunipa amri.

Nikaenda kumwambia Masanja. Alikuwa anachonga mfuniko wa mzinga, hakuinua macho.

"Mpitishe njia ya wapagazi," alisema. "Nenda nayo mpaka mtoni, rudi nayo. Asione hata mmoja."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Mgeni haonyeshwi mizinga. Hata mtoto wa hapa anajua. Unatundika juu kabisa, mbali na njia, gome la mzinga limefanana na gome la mti, na mtu asiyejua anaweza kulala chini yake asijue. Idadi hutaji. Masanja husema nyuki wakisikia wanahesabiwa wanahama. Mimi ni Mmoravian, sisadiki hayo, lakini yangu nayo sijawahi kuitaja idadi mbele ya mtu. Hata mke wangu Rebeka hajui ni mingapi.

Jumatano, 3 Juni

Mpimaji ni kijana wa Dar es Salaam, mpole, viatu vya mjini. Alinipa shikamoo vizuri. Ana darubini ya miguu mitatu na watu wawili wa kuvuta mnyororo. Nimempitisha njia ya wapagazi kutwa nzima.

Njia hii babu alipita na mzigo wa watu kichwani, kwenda pwani na kurudi. Pana, imekanyagwa, na kwa kuwa ilipitwa na kila aina ya mtu, hakuna mrina asali aliyewahi kutundika karibu nayo. Ukiifuata hiyo unaliona pori zima na huoni kitu. Nilikuwa natembea mbele najisikia mjanja.

Mara moja tu ilibidi tukate kona kukwepa tope. Tukapita chini ya mininga ya Masanja. Mizinga tisa juu ya vichwa vyetu, nyuki wanaimba. Kijana akasema hapa pana upepo mzuri. Nikamjibu ndiyo, pana upepo.

Alhamisi, 4 Juni

Tumemaliza mtoni. Kijana akakaa juu ya jiwe, akafungua jalada, akaniuliza pori hili linatumiwa na nani.

Nikasema halitumiwi na mtu.

Akauliza: hakuna mashamba, hakuna nyumba, makaburi, malisho?

Nikasema hakuna. Pori tu. Nilidhani wanatafuta cha kutoza kodi. Enzi za mkoloni aliyekuwa na kitu na akakionyesha alikilipia.

Akaandika. Akanisomea, akanipa kalamu, nikatia sahihi kama shahidi mwenyeji. Jina kamili, mwandiko wa kulalia, kama tulivyofundishwa. Akausifu. Na mimi, mpumbavu, nikafurahi.

Nimemweleza Masanja jioni. Sahihi sikuitaja, niliona ni jambo dogo. Alicheka, jambo analofanya mara moja kwa mwaka. Kesho tunaingia kambini.

Jumamosi, 27 Juni

Tumerudi. Wiki tatu porini. Asali nyingi, nyeupe, nzito, miaka mingi sijaiona ya hivi. Masanja kapanda miti ambayo mimi ningeiacha. Ana miaka hamsini na saba na bado ananitia aibu.

Jambo moja silipendi. Siku ya mwisho tumekuta nguzo fupi za saruji, nne, zimechimbiwa kando ya mto. Mpya. Zina namba. Masanja aliizunguka moja mara mbili, akaipiga teke, akaniuliza imeandikwa nini. Nikasema ni namba tu.

Jumanne, 14 Julai

Tabora kwa lori la chumvi. Nimepeleka nta kwa Hamisi, mtaa wa Kanyenye. Hamisi ananunua nta yetu tangu zamani za baba yake na baba yangu. Ananikaribisha kahawa kabla ya kufungua gunia, na akilifungua hukuti neno la dharau. Watu wa namna hiyo wamebaki wachache mjini.

Leo alikuwa na habari. Ameona matrekta stesheni yanashushwa kwenye behewa, mekundu, na majembe ya kung'olea visiki. Kauliza yanakwenda wapi. Kaambiwa njia ya Ipole, shirika la tumbaku limepewa pori kubwa huko.

"Kwenu huko, Yohana. Hamjaambiwa?"

Nikamwambia watu wa stesheni hawajui njia ya Ipole wala ya Kigoma. Tukacheka. Barabarani wakati wa kurudi sikucheka tena. Nilikuwa naziona zile nguzo.

Ijumaa, 17 Julai

Nimeshika kalamu tangu saa kumi na sijui nianzie wapi.

Mkutano wa kijiji. Afisa ardhi kaja na gari, na Mwenyekiti kavaa shati la chama lililopigwa pasi. Wimbo, makofi. Mwenyekiti akasema ardhi ni mali ya umma, tumbaku ni dawa ya taifa, na sisi tutapata kazi ya kung'oa visiki na baadaye kazi kwenye mabani ya kukaushia. Alitamka kazi kama mtu anayegawa nyama.

Akasimama mtu akauliza ni ardhi ipi. Afisa akasema kuanzia barabara mpaka mtoni. Pori lote. Watu wakaanza kupiga kelele. Afisa akainua mkono, akasema hatunyang'anyi mtu, serikali imepima na kuuliza kwanza. Akafungua jalada. Akasoma.

Pori tupu. Halina matumizi. Imethibitishwa na mwenyeji.

Halafu akasoma jina langu. Lote, na la baba.

Walinigeukia wote, na wanawake waliokuwa nyuma wakasimama wanione vizuri. Nilitaka kusema mlinituma, sote tungefanya hivyo, yupi kati yenu angemwonyesha? Masanja alikuwa safu ya mbele. Hakugeuka. Alikunja mgolole wake taratibu, akanyanyuka, akaondoka.

Jumamosi, 18 Julai

Asubuhi nilikwenda kwake. Nikampa shikamoo. Alikuwa mlangoni, umbali wa hatua tatu, na hakuitikia. Nikarudia. Akaniangalia.

"Nilikuambia usimwonyeshe," alisema. "Sikukuambia utie sahihi."

Akaingia ndani.

Namchukia kwa sababu ni kweli. Nimerudi nikampiga teke mbuzi wa Rebeka, mbuzi hana kosa lolote. Rebeka kasema, "Wewe na kalamu yako," akaenda kisimani. Huyo naye.

Jumapili, 19 Julai

Kanisani benchi zima lilikuwa langu. Mchungaji kahubiri juu ya Yuda. Amesema ni somo lililopangwa kwenye kalenda. Labda. Nilimkazia macho mpaka akahamia Petro, na Petro naye alikana.

Jumatano, 22 Julai

Tabora, ofisi ya ardhi. Nimekaa kwenye benchi tangu kufunguliwa hadi saa nane. Afisa kanipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningependa anifokee.

Nikamwambia nilisema uongo. Pori lina wenyewe, mizinga imejaa, kila ukoo una upande wake tangu enzi za babu zetu. Akauliza kwa nini basi nilisema hakuna mtu. Nikamweleza desturi. Alisikiliza, akachezea kalamu, akasema, "Mzee, serikali haiwezi kuhifadhi kitu ambacho wenyewe wanakificha."

Nilikuwa na matusi mengi tayari. Hakuna hata moja lililofaa.

Kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Anataka orodha: jina la mwenye mzinga, idadi, mahali, alama. Sehemu zitakazoonekana zina wenyewe atazitetea zisikatwe. Zisizokuwa kwenye orodha, matrekta. Siku tisa.

Alhamisi, 23 Julai

Nimeanza kuzunguka. Nyumba kumi na nne. Hakuna hata moja iliyonipa kiti.

Kosa langu ni kwamba sikusema uongo huu wa pili ulio rahisi, kwamba orodha ni ya kanisa au ya mbolea. Nilisema kweli: nitajieni mizinga yenu, mingapi, iko wapi, nipeleke bomani. Nilijisikia mwenyewe ninavyosikika. Mtu aliyewauza anarudi kuomba ramani.

Mama Nyanzala, mjane, ana mizinga ya marehemu mumewe, wanawe ndio wanaopanda. Huyu alinijibu angalau.

"Mara ya kwanza ulituuza kwa kuficha. Sasa unataka kutuuza kwa kuonyesha."

Akarudi kwenye mtama wake.

Jumamosi, 25 Julai

Nyumba zote nimemaliza. Majina katika daftari: langu.

Ni watu wajinga. Nimeandika na silifuti. Wanajua matrekta yapo, wameyasikia yakipita kwenda kambi ya shirika, na bado kila mmoja anaogopa zaidi jirani yake ajue ana mizinga mingapi kuliko anavyoogopa shirika. Mwingine kaniambia heri ikatwe kuliko ihesabiwe. Na ninamwelewa vizuri kabisa. Juzi tu nilikuwa mimi.

Kwa Masanja nimekwenda mwisho. Shikamoo. Kimya. Nimesimama pale na daftari kama mtoto aliyetumwa barua ya ada. Mkewe katoka, katikisa kichwa kidogo, nikaondoka.

Ningeweza kuandika baadhi ya miti yake kwa kichwa. Ile mininga naijua. Nimefikiri njia nzima. Sikuandika. Sitaki aikute kalamu yangu jaladani mara ya pili.

Jumatatu, 27 Julai

Kamba yangu mpya ya kupandia nimeikuta uani imekatwa. Vipande vitatu, vimepangwa vizuri sambamba mbele ya mlango. Aliyefanya alikuwa na nafasi na alikuwa na kisu kizuri. Rebeka kaviokota akafungia kuni.

Nimekwenda porini na kamba ya zamani. Nimehesabu mizinga yangu. Kwa sauti, mti hadi mti, nikiandika. Mara ya kwanza maishani. Kila mti nilitega sikio kama nyuki wanahama, na mimi nasema sisadiki.

Arobaini na mmoja. Sikujua. Nilidhani thelathini na kitu.

Ijumaa, 31 Julai

Orodha nimeipeleka. Afisa kaigeuza upande wa pili kutafuta majina mengine.

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

Akaifungia jaladani. Nimempitia Hamisi, sikuwa na nta, kanipa kahawa vilevile. Anasema mjini wanalisifu shamba hilo, litaleta barabara. Nikamuuliza nani analisifu. Kasema watu wasiokula asali yenu.

Jumatatu, 10 Agosti

Wameanza leo upande wa barabarani. Mnyororo mmoja mzito kati ya matrekta mawili, yanakwenda sambamba, na miti inalala. Mti wa miaka mia hauchukui muda wa kumaliza kiko. Nyuki wametanda juu kama moshi. Madereva wamefunga vitambaa usoni, mmoja kaumwa mpaka kapelekwa hospitali ya Kitete. Nimefurahi. Halafu nikaambiwa ni kijana wa Usagara tu aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Watu sasa wanakimbilia porini kushusha mizinga. Waliogopa kuhesabiwa, na leo nimewaona njia nzima, mchana kweupe, mizinga mabegani, kila mmoja anaona ya mwenzake. Mama Nyanzala na wanawe, mizinga kumi na miwili. Mwenyekiti ishirini na sita. Ndiyo, naye. Nimesimama kando ya njia nikahesabu makusudi, wanione.

Kumbe tulikuwa matajiri.

Alhamisi, 13 Agosti

Mininga ya Masanja imelala. Sikumwona. Watu wanasema alikuwa pale tangu alfajiri, ameshusha sita, mitatu imepasuka. Alikaa juu ya shina mpaka dereva akamwomba apishe.

Nina hasira na kila mtu aliye hai. Sina la kuongeza leo.

Jumanne, 25 Agosti

Barua kutoka ofisi ya ardhi. Ombi langu limekubaliwa. Bonde la kando ya mto lenye mizinga yangu halitakatwa, limewekewa nguzo zake, limeandikwa jina langu. Langu tu. Aya ya mwisho inasema mizinga ya mtu mwingine yeyote ikikutwa humo itaondolewa, na kibali changu kitafutwa.

Rebeka kasema tumshukuru Mungu. Nikamwambia anyamaze. Baadaye nimemwomba radhi, si kwa maneno, nimempasulia kuni.

Kijiji kizima kilipoteza, na aliyetia sahihi akabakishiwa. Hata mimi ningesema alihongwa. Mwenyekiti leo amenipita dukani akaniita Bwana Shamba, na watu wakacheka. Barua niliwaonyesha wawili. Hawakutaka kuisoma.

Jumapili, 6 Septemba

Sijaenda kanisani. Nimekwenda bondeni.

Ni mahali pa ajabu sasa. Pande tatu ni udongo mwekundu na visiki vilivyorundikwa vinaungua. Upande wa nne mto. Katikati miti yangu, na miyombo inaanza kutoa majani mapya kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuki wote wa pori lile wamejaa humu, wanatafuta pa kukaa. Makundi yananing'inia matawini. Ningekuwa na mizinga mia ingejaa yote.

Sina nguvu ya kuchonga hata mmoja.

Jumatano, 9 Septemba

Leo nimekuta mzinga usio wangu.

Uko juu ya mkuyu, karibu na mto, umetundikwa vizuri mno, upande usioonekana kutoka njiani. Nimepanda kuangalia alama. Alama yetu ni ya babu, ile aliyochora kwenye mizigo yake ya safari ili isipotee pwani: mikato miwili na msalaba. Ya kwangu ni hiyo. Masanja aliongeza mkato wa tatu ili tusigombane.

Mikato mitatu.

Hakuniomba. Kutundika katika pori la mtu bila kuomba ni kumtukana, na Masanja anajua desturi hizi kuliko mtu yeyote. Nimekaa juu ya tawi nikiwa na kisu mkononi muda mrefu. Nilifikiria barua, kibali, kila kitu. Mzinga mmoja huu unatosha kunifukuza.

Nimeshuka. Nimeuacha.

Jumatatu, 14 Septemba

Sasa ni kumi na saba. Alama za Masanja tano. Nyingine za akina Nyanzala. Nyingine sizijui. Miwili ina alama ya Mwenyekiti, na huyo hana haya tangu darasa la pili.

Wanaingia saa ngapi sijui. Sijakutana na mtu. Mchana nikipita kijijini hakuna anayeniamkia, wananipita kama kawaida, nyuso zilezile. Wananichukia na mizinga yao inalala kwangu. Nilitaka kusimama sokoni nikazitaja alama zote na wenyewe. Nilikaribia sana.

Masanja nimekutana naye kwenye kivuko. Shikamoo. Kapita.

Ijumaa, 18 Septemba

Thelathini na miwili ya watu. Pamoja na yangu bonde limezidiwa, maua hayatatosha, nyuki watapigana. Mrina asali yeyote anajua. Nao wanajua, na bado wametundika.

Mwenyekiti kaleta habari kwa furaha iliyofichwa vibaya: Jumatatu mpimaji anakuja kukagua bonde langu. Wanakagua kibali. Nimemtazama. Ana mizinga miwili humo, na bado jasho halikumtoka. Alijua nitatoa mizinga ya wengine kabla ya siku hiyo au nitawataja. Yote mawili yangempa raha.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimekwenda na kamba na panga. Nimepanda mti wa kwanza, mzinga wa Mama Nyanzala. Umeshaingiwa na nyuki. Nimeweka sikio, wanafanya kazi humo ndani.

Nimeshuka mikono mitupu. Nimejitukana njia nzima.

Jumatatu, 21 Septemba

Kijana yuleyule. Viatu vingine, vizuri zaidi kwa tope. Shikamoo yake vilevile.

Safari hii sikumpitisha njia ya wapagazi. Njia ya wapagazi haipo, imelimwa. Nilimwingiza katikati ya bonde, nikamsimamisha chini ya mkuyu, nikamwambia inua kichwa. Akainua. Nadhani alikumbuka ule upepo mzuri.

Nikamwonyesha wote. Mti hadi mti, kwa kidole. Nikamhesabia kwa sauti. Sabini na mitatu. Ng'ambo ya mto walikuwepo watu, walijifanya wanakata nyasi. Nyasi za Septemba nani anakata. Masanja alikuwa mmoja wao. Sauti inavuka maji vizuri, na mimi sikuipunguza.

Kijana akafungua jalada. Orodha ilisema arobaini na mmoja.

"Imeongezeka, mzee."

"Nimetundika mingine. Ni majira yake."

Akapanda kidogo kwenye gogo, akatazama.

"Mbona alama mbalimbali?"

Nikamwambia za babu, za baba, za wajomba. Mikato mitatu ni ya kaka yangu mkubwa aliyeniachia. Akauliza, basi yote ni yako? Hakuna ya mtu mwingine? Aliuliza taratibu, na akaniangalia machoni. Si mjinga kijana yule. Alikuwa ananipa nafasi, sijui ya kupita upande gani.

Nikasema yote yangu.

Akaandika. Akanisomea. Akanipa kalamu. Nilitia sahihi, jina kamili na la baba, juu ya uongo, kwa mara ya pili ndani ya miezi minne. Wakigundua, kibali kinafutwa na pengine jela. Mwandiko safari hii haukuwa mzuri. Hakuusifu.

Jumanne, 22 Septemba

Hakuna kitu. Matrekta yamesimama, yanasubiri dizeli.

Mwenyekiti hakunisemesha dukani. Aliangalia sabuni.

Alhamisi, 24 Septemba

Asubuhi nilikuta kwenye kizingiti fungu la gome, bichi, limekatwa vipande virefu na kulowekwa. Gome zuri, la mti wa mtundu. Huku kwetu hakuna tena mtundu wa karibu. Aliyelileta kalitoa mbali, ng'ambo ya mto na zaidi, na kalibeba.

Nimekaa uani nikaanza kusokota. Kamba ya kupandia kwanza. Rebeka alikuwa anapepeta.

Masanja akapita na shoka begani, anakwenda upande wa mto. Nikampa shikamoo bila kuinua kichwa, kwa mazoea, kama ninavyofanya tangu Julai.

"Marahaba," alisema.

Hakusimama. Rebeka aliacha kupepeta, akaendelea. Kamba imefika hatua nne, na gome limebaki la kutosha kumaliza kesho.